Namba 2 147 483 647 iliyoganda kwenye kompyuta ya depo

Swali: «Mwalimu, mimi ni mama mwenye depo ya unga na mafuta hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Tangu mwanzo wa 2023 tunaandika mauzo kwenye programu ambayo fundi mmoja alitutengenezea. Tunauza kama faranga milioni tatu na nusu kwa siku, na Jumapili tunafunga. Ilipokaribia miaka miwili, jumla kuu ilikwama kwenye 2 147 483 647. Tukiuza, haipandi. Ndugu za mume wangu wanasema mpwa wangu anayeshika pesa amechezea mashine. Kijana wangu aliye kwenye humanite, yaani sekondari, anasema namba hiyo anaijua, ni namba tasa na ni maarufu. Ni kweli? Mtu anajuaje kwamba namba ndefu hivyo haigawanyiki? Naye ana swali lake: ukizidisha 2 kwa 2 kwa 2, hadi zitimie 2 za idadi hiyo yote, kisha ukatoa 1, unapata tasa nyingine?»

Mama, nianze na mpwa wako, maana hilo ndilo haliwezi kungoja. Kukwama kwa jumla si kazi yake. Nasema hivyo bila kumjua na bila kuiona programu yenu, kwa sababu namba uliyoniandikia inajieleza yenyewe. Mtu anayetaka kuficha pesa anapunguza hapa, anaruka mauzo pale, na jumla inayobaki ni namba yoyote tu. Hii yenu si namba yoyote. Ni mahali ambapo mashine yenyewe inaishiwa na nafasi ya kuandikia, na mashine zinaishia hapo hapo ziwe za depo ya Kenya, za Kolwezi au za Tokyo.

Piga hesabu mwenyewe. Faranga 3 500 000 kwa siku, mara siku 613 za kuuza, ni 2 145 500 000. Siku ya 614 jumla ingefika 2 149 000 000, lakini njiani inakutana na 2 147 483 647 na kusimama. Kwa wiki ya siku sita za kazi, siku 614 ni wiki 102 na kidogo, yaani karibu miaka miwili, kama ulivyosema. Kwa hiyo hesabu yako ya mauzo na mahali jumla iliposimama vinakubaliana vizuri. Kama kuna anayemshuku kijana kwa jambo lingine, alinganishe pesa za siku na mistari ya mauzo ya siku hiyo. Jumla iliyoganda haimshitaki mtu, na ningeomba wale ndugu waambiwe hivyo leo, kabla ya fundi kuja.

Sasa kwa nini hapo na si kwenye bilioni mbili kamili, ambayo sisi tungeiona ni mahali pa maana zaidi? Kwa sababu kompyuta haihesabu kwa tarakimu kumi. Ina mbili tu, 0 na 1. Fundi alipoandaa safu ya jumla, aliipa nafasi 32, ambazo huitwa biti. Nafasi 31 zinabeba namba, na ile ya 32 inashika alama, ili ijulikane namba ni chanya au hasi. Nafasi ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, kila moja ni maradufu ya iliyotangulia, mpaka ya 31 ambayo thamani yake ni 1 073 741 824. Namba kubwa kuliko zote inapatikana nafasi zote 31 zikiandikwa 1. Kuzijumlisha hakuhitaji mashine: anza kwa kuongeza 1 ya bure. Moja na 1 ni 2, hiyo na 2 inayofuata ni 4, hiyo na 4 ni 8, na kila unapojumlisha unapata maradufu, mpaka unafika 2 147 483 648. Rudisha ile 1 ya bure, na hii hapa namba yako. Wanahesabu wanaiandika 2³¹ − 1: zidisha 2 kwa 2 kwa 2 hadi zitimie 2 thelathini na moja, kisha toa moja.

Ukitaka kuongeza faranga moja zaidi, nafasi zimejaa. Hapo programu zinatofautiana. Nyingine zinaganda kama yenu. Nyingine zinapinduka kama mita ya kilometa ya lori la Kasumbalesa linapopita 999 999, ila hizi haziangukii kwenye sifuri: zinaangukia −2 147 483 648, kwa sababu ile nafasi ya alama ndiyo inayowaka na nyingine zote zinazimika. Mlibahatika kupata inayoganda. Mwenye depo anayeamka na kukuta deni la bilioni mbili kwenye skrini angeogopa zaidi.

Ugonjwa huu unatupata sisi tunaohesabu kwa faranga mapema kuliko wengine. Fundi anayejifunza kwa mifano ya dola au euro hudhani bilioni mbili ni mbali sana, na kwa duka la dola ni mbali kweli. Kwa faranga, depo ya kawaida inafika. Dawa yake ni ndogo: fundi achukue kwanza nakala ya kila kitu kwenye flashi, kisha abadilishe safu ya jumla kutoka biti 32 iwe biti 64, halafu jumla ihesabiwe upya kuanzia mstari wa kwanza wa 2023. Asikubali mtu kuanza upya kutoka sifuri. Kama kila uuzaji umeandikwa kwa mstari wake, hakuna kilichopotea, kwa maana mauzo mamoja mamoja ni madogo na yameingia yote. Mpaka mpya utakuwa 9 223 372 036 854 775 807, na kwa milioni tatu na nusu kwa siku, hata msipofunga Jumapili, mtahitaji zaidi ya miaka bilioni saba kuufikia.

Ukishapata fundi, muulize pia kuhusu saa. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na zile zinazoweka hesabu hiyo kwenye biti 32 zitajaa sekunde ya 2 147 483 647. Kwa saa zetu za Lubumbashi hiyo itakuwa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri, sekunde 7. Mashine mpya nyingi zimeshahamia biti 64, lakini programu ya zamani ni vizuri ichunguzwe.

Tuje kwa kijana wako. Anasema kweli: 2 147 483 647 ni namba tasa, ile ambayo shuleni wanaiita nombre premier. Haigawanyiki bila baki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Ila asije akadhani kompyuta inasimama hapo kwa sababu ya utasa. Hayo ni mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Mashine za biti 16 zinasimama kwenye 32 767, na hiyo ni 7 × 31 × 151. Mpaka wa biti 64 niliokuandikia juu unagawanyika kwa 7. Wa biti 32 ndio uliobahatika kuwa tasa.

Kwa nini mmoja uwe tasa na mwingine usiwe? Ziandike kwa 0 na 1 na sehemu ya jibu inaonekana kwa macho. 2⁶³ − 1 ni tarakimu 1 zikiwa 63 mfululizo. Unaweza kuzikata vifungu vya tatu tatu, vifungu 21 vinavyofanana, na kila kifungu, 111, ni 7 yetu ya kawaida. Namba iliyojengwa kwa kurudia 111 lazima igawanyike kwa 111, kama vile kwa hesabu zetu za kila siku 111 111 inavyogawanyika kwa 111. Lakini 31 ni tasa. Huwezi kukata tarakimu 1 zikiwa 31 katika vifungu sawa isipokuwa moja moja, au zote kwa pamoja. Mlango huo umefungwa.

Kufungwa kwa mlango huo hakutoshi. Kumi na moja ni tasa pia, na bado 2¹¹ − 1 = 2 047 = 23 × 89. Ishirini na tisa ni tasa, na 2²⁹ − 1 = 536 870 911 = 233 × 1 103 × 2 089. Kwa hiyo 2³¹ − 1 ilihitaji kupimwa yenyewe, na upimaji huo ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote katika hadithi ya namba hii.

Njia ya mkono mtupu ni kujaribu kuigawa kwa kila namba tasa. Si lazima uende mpaka mwisho. Kama namba ina vigawo viwili, kimoja kati yao hakizidi kipeuo chake cha pili (ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaleta namba hiyo), na kipeuo cha pili cha namba yetu kinapungua kidogo tu kwenye 46 341. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4 800. Baadhi zinaondoka haraka. Inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 46, basi 3 haimo. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja ya pamoja: kata tarakimu tatu tatu kutoka kulia, toa na ujumlishe kwa zamu. 647 − 483 + 147 − 2 = 309. Gawa 309 kwa 7, inabaki 1. Kwa 11, inabaki 1. Kwa 13, inabaki 10. Hakuna hata moja inayoingia. Lakini zinabaki elfu nne na mia kadhaa, na kila moja ni mgawanyo mrefu wa namba yenye tarakimu kumi. Mtu anaweza kuimaliza kazi hiyo. Anaweza pia kukosea kwenye mgawanyo wa 2 900 na asijue.

Mwanahesabu Leonhard Euler hakupita njia hiyo. Alizaliwa Basel mwaka 1707, na wakati ninaouzungumzia alikuwa Saint Petersburg, mzee, karibu kipofu kabisa. Jicho moja lilikuwa limepotea tangu ujanani, la pili lilizibwa na mtoto wa jicho, na upasuaji wa 1771 haukumsaidia kwa muda mrefu. Mwaka 1772 ilichapishwa barua yake kwa Bernoulli ambamo anasema 2³¹ − 1 ni tasa na anaeleza alivyohakikisha. Badala ya kuuliza ni namba zipi zinaigawa, aliuliza kwanza kigawo kingekuwa na sura gani kama kingekuwepo.

Tuseme kuna namba tasa, tuiite q, inayoigawa 2³¹ − 1. Chukua 1, izidishe kwa 2 tena na tena, na kila mara tazama baki unapogawa kwa q. Kwa kuwa q inaigawa 2³¹ − 1, ukishazidisha mara 31 baki inarudi kuwa 1, na mzunguko unaanza upya. Haiwezi kurudi mapema, kwa sababu urefu wa mzunguko lazima uigawe 31, na 31 ni tasa. Kisha kuna kanuni ya Pierre de Fermat wa Ufaransa, ya 1640: kwa q yoyote tasa isiyo 2, ukizidisha mara q − 1 baki inarudi 1 pia. Mzunguko wa hatua 31 unaomalizika sawasawa kwenye hatua ya q − 1 unamaanisha q − 1 inagawanyika kwa 31. Na q ni witiri, kwa hiyo q − 1 inagawanyika kwa 2 vilevile. Basi q ni moja zaidi ya kigawe cha 62, yaani moja zaidi ya 62, 124, 186 na kuendelea. Mwambie kijana ajaribu sheria hiyo kwenye ndugu wadogo wa namba hii. Kwa 11, vigawo lazima viwe moja zaidi ya vigawe vya 22: 23 ni 22 + 1, na 89 ni 88 + 1. Kwa 29, vigawo viwe moja zaidi ya vigawe vya 58: 233 ni 4 × 58 + 1, 1 103 ni 19 × 58 + 1, na 2 089 ni 36 × 58 + 1. Kila mara inakubali.

Kuna kichujio cha pili. Ikiwa 2³¹ ina baki 1, basi 2³² ina baki 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Kwa hiyo, ukigawa kwa q, kuna mraba unaoacha baki 2. Namba tasa witiri zenye sifa hiyo zinajulikana: ni zile tu zilizo moja zaidi au moja pungufu ya kigawe cha 8. Weka vichujio viwili pamoja, na zinazobaki ni za sura mbili tu: zile ambazo ukizigawa kwa 248 zinaacha 1, au zinaacha 63.

Tazama kilichotokea. Mpaka 46 340 kuna namba 373 tu za sura hizo, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo zinaanguka zenyewe. Angalia za mwanzo: 63 ni 7 × 9, imeanguka. 249 ni 3 × 83. 311 ni tasa, hiyo lazima ipimwe. 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 745 inaishia na 5, 807 na 993 zinagawanyika kwa 3, 1 055 inaishia na 5, 1 241 ni 17 × 73. Inayofuata kupimwa ni 1 303. Kwa hiyo ukitoka mwanzo mpaka 1 303, badala ya kugawa kwa namba tasa zaidi ya mia mbili, unagawa mara mbili. 311 × 6 905 092 = 2 147 483 612, inabaki 35. 1 303 × 1 648 107 = 2 147 483 421, inabaki 226. Ukiendelea hivyo, kazi ya miezi inakuwa kazi ya siku chache za utulivu, na mzee asiyeona anaweza kuimaliza akiwa na wa kumwandikia. Aliimaliza. Hakuna iliyoingia bila baki.

Kwa nini ninakaa sana hapa, Mama? Kwa sababu uliuliza mtu anajuaje. Ukweli wa namba hii haukutoka kwa mashine. Mashine zilikuja baadaye sana na zikakubaliana na Euler. Kabla yake, mwaka 1644, mtawa wa Ufaransa aliyeitwa Marin Mersenne alikuwa ameweka 31 kwenye orodha yake ya vipeo (idadi ya 2 zinazozidishwa) vinavyotoa tasa, na namba za sura hii zimebeba jina lake mpaka leo. Lakini orodha ilikuwa na makosa: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 ziliachwa nje. Kuiweka namba kwenye orodha na kuithibitisha ni kazi mbili, na ile ya pili ndiyo ninayoiheshimu.

Leo kuna njia fupi zaidi, ya Édouard Lucas wa karne ya 19, iliyorekebishwa na Derrick Lehmer mwaka 1930. Unaanza na 4. Unaipiga mraba, unatoa 2, unachukua baki kwa namba unayoipima. Unarudia. Kwa kipeo p unafanya hivyo mara p − 2, na ukipata 0, namba ni tasa. Usipopata 0, si tasa. Kijana ajaribu kwenye 2⁷ − 1, yaani 127, kwa hatua tano: 4, kisha 14, kisha 67, kisha 42, kisha 111, kisha 0. Kwa namba yenu hatua ni 29, na kwa simu yenye kikokotoo kizuri ni kazi ya jioni moja.

Kuhusu umaarufu. Tangu Wayunani wa kale watu wametafuta namba ambazo ukijumlisha vigawo vyake, bila yenyewe, unaipata yenyewe: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Zinaitwa namba kamilifu. Euclid alionyesha kwamba kila tasa ya sura ya namba yako inazaa moja. Ya kwako, ikizidishwa kwa 2³⁰, inazaa 2 305 843 008 139 952 128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo huenda ndiyo namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa zina udadisi tu bila faida na haielekei kwamba mtu atajisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, na watu hawajaacha kutafuta tangu siku hiyo. Kubwa inayojulikana sasa ilitangazwa Oktoba 2024: 2 kwa kipeo cha 136 279 841, toa 1, yenye tarakimu 41 024 320.

Na faida imekuja, kupitia jirani yake. 2 147 483 646, moja tu pungufu, inavunjika yote katika vipande vidogo: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. (Ndiyo maana pale juu 7 na 11 ziliacha baki 1, na 3 pia ingeacha 1.) Wataalamu wa kompyuta waliitumia tasa hii kutengeneza namba za kubahatisha, kwa mfano za michezo na za majaribio ya kisayansi. Unachukua namba yoyote ndogo kuliko yake, isiyo sifuri, unaizidisha kwa 16 807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5, unachukua baki kwa 2 147 483 647, na unarudia. Kwa kuwa ni tasa, na kwa kuwa 16 807 imechaguliwa vizuri, baki zinapita kwenye namba zote 2 147 483 646 bila kuruka hata moja kabla ya kurudi mwanzo. Park na Miller walipendekeza njia hiyo mwaka 1988 na ilienea sana. Siku hizi kuna bora zaidi, na kwa siri za benki haifai kabisa, lakini kwa muda mrefu ilibeba kazi nyingi.

Limebaki swali la kijana mwenyewe, na ni swali zuri kuliko anavyofikiri. Anataka kuitumia namba hii kama kipeo: 2 kwa kipeo cha 2 147 483 647, toa 1. Ana sababu ya kutumaini. 2² − 1 ni 3, na 2³ − 1 ni 7, tasa. 2⁷ − 1 ni 127, tasa. 2¹²⁷ − 1 ndiyo ile ya Lucas, tasa. Kila tasa inapanda ngazi na kuzaa nyingine, kwa nini hii isizae?

Haizai. Namba anayoitaka ingekuwa na tarakimu 646 456 993, zaidi ya mara kumi na tano ya ile kubwa iliyotangazwa 2024, na hakuna anayeweza kuipima kwa njia ya Lucas leo. Lakini kile kichujio cha Euler kinafanya kazi hata hapa. Kigawo chake lazima kiwe moja zaidi ya kigawe cha 2 × 2 147 483 647, yaani 4 294 967 294. Watafutaji walipita kwenye vigawe hivyo mpaka kimoja kikaingia: 68 745 × 4 294 967 294 + 1 = 295 257 526 626 031. Namba hii ya tarakimu 15 inaigawa ile yenye tarakimu milioni 646 bila baki.

Kijana anaweza kuhakikisha mwenyewe, na hahitaji kuiandika namba kubwa hata mara moja. Aanze na 2, aipige mraba, na jibu likizidi 295 257 526 626 031 achukue baki kwa namba hiyo. Arudie jumla mara 31. Hatua tano za kwanza ni 4, 16, 256, 65 536 na 4 294 967 296. Kuanzia ya sita ndipo atahitaji kuchukua baki, na hapo kikokotoo cha kawaida hakitatosha, atumie programu ya namba ndefu. Baada ya mraba wa 31 atakuwa na baki ya 2 kwa kipeo cha 2 147 483 648, moja zaidi ya kipeo chake. Kama kigawo ni cha kweli, baki hiyo lazima iwe 2 tena.